Nilivyotolewa na Kesi ya Mtu wa Gwata

Neno kutakatisha nilikuwa nalijua la nguo. Mama mkwe wangu, mwenyeji wa Masaki kule Kisarawe, alikuwa hodari wa kutakatisha kanzu za mume wangu enzi za uhai wake. Alitumia sabuni ya mche na jua kali tu, na kanzu zilitoka nyeupe mpaka zinaumiza macho. Kwa hiyo siku niliposimama kizimbani Kibaha nikasomewa kwamba nimetakatisha fedha, nilimtazama karani nikadhani amekosea kusoma.

Hakukosea. Tulikuwa washitakiwa kadhaa, na mimi peke yangu nilikuwa mwanamke. Kati ya wale wanaume nilimfahamu mmoja tu. Alikuwa mteja wangu.

Nilikuwa wakala wa pesa za simu. Nilikuwa na kibanda changu karibu na stendi ya Kibaha, nilichokianzisha baada ya mume wangu kufariki na kuniachia binti mdogo. Mteja huyo alikuwa mtu wa heshima. Akifika ananisalimia, ananiuliza hali ya mtoto, anaketi kwenye kiti cha plastiki huku nikimhudumia. Aliniambia ni mfanyabiashara wa korosho, nami sikuwa na sababu ya kumbishia. Korosho zina msimu wake, na katika msimu watu hutoa pesa nyingi. Kitambulisho alitoa, namba ya siri aliweka mwenyewe, nami nikampa fedha zake. Alikuja mara nyingi.

Kumbe hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa karani wa chama cha wakulima, na fedha alizokuwa akizitoa kwangu zilikuwa za wakulima hao, malipo ya korosho zao ambayo hayakuwafikia. Chama chenyewe kilikuwa cha Masaki. Mama mkwe wangu alikuwa mwanachama. Korosho zake alizoziokota kwa mkono wake, akiinama chini ya mti mmoja baada ya mwingine, nazo zilikuwa humo.

Hilo nilikuja kulijua polepole. Siku ile ya kwanza nilichosikia ni maneno ya hakimu tu: "Shitaka hili halina dhamana. Mtarudi rumande." Nikageuka nyuma kumtafuta mtu yeyote ninayemjua. Mama mkwe alikuwa ameketi benchi la mwisho, amejifunga khanga yake vizuri, mikono imetulia mapajani. Alinitikisia kichwa. Sikujua anatikisa kichwa cha kunihukumu au cha kunipa moyo, na wasiwasi huo ndio nilioondoka nao kwenye karandinga la mahabusu.

Alikuja kunitembelea siku ya kwanza iliyoruhusiwa. Kutoka Masaki alipanda bodaboda hadi Kisarawe mjini, halafu akazunguka kupitia Dar mpaka kunifikia. Tulizungumza tukiwa tumetenganishwa na waya, askari amesimama kando.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakula?"

"Nakula."

"Mtoto nimemchukua. Nimemhamishia shule ya kwetu. Amelia usiku wa kwanza, sasa analala."

Nilitaka kumshukuru, nikaona haya. Mwanawe alikuwa ameshakufa. Kwa hesabu za watu wengi nilikuwa si wake tena, na huenda nilikuwa nimesaidia kumwibia. Nikamuuliza lililokuwa linanikaba tangu mahakamani.

"Mama, majirani wanasemaje?"

Hakuwa mtu wa kupamba maneno.

"Wanasema nampelekea chakula aliyetuibia. Mmoja amenisimamisha njiani akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia, mimi nimemuoza mwanangu kwa msichana yule, nimekaa naye, nimekula kwake, namjua. Yeye anamjua wapi?"

Halafu akanisogelea karibu na ule waya.

"Lakini nakuuliza mara moja, na sitakuuliza tena. Ulijua?"

"Sikujua, mama. Wallahi sikujua."

"Basi," akasema. Na kweli hakuniuliza tena.

Kesi ilikuwa ikitajwa na kuahirishwa. Tulikuwa tukipelekwa mahakamani, wakili wa Serikali anasimama, anasema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine, tunarudi. Mvua za vuli zikaja zikaisha, mikorosho ikatoa maua, na kila tulipopanda kizimbani mama mkwe alikuwa pale benchi la mwisho. Simlaumu wakili yule kwa kuomba tarehe. Fedha iliyoibwa ilikuwa imepita mikono mingi na kila mkono ulipaswa kufuatwa. Ila ukiwa ndani, neno "upelelezi" linakuwa kama jina la ugonjwa. Tuliulizana asubuhi, "Wako umefikia wapi?" na jibu lilikuwa lilelile.

Katika chumba chetu alikuwamo mama mmoja aliyekaa rumande muda mrefu kuliko sisi wote. Alikuwa na shitaka kama langu, na alikuwa amechoka. Jioni moja, tukiwa tunachambua mchele, alinishika mkono.

"Mdogo wangu, sikiliza. Kuna utaratibu siku hizi. Unaandika kwamba uko tayari kukiri, mnakaa mezani na upande wa Serikali, mnakubaliana, unalipa, unatoka. Unamlea mwanao. Ukweli wako utakusaidia nini humu?"

Maneno yake yalinikaa. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha andika barua yake. Utaratibu huo ni wa kisheria, na kwa mwenye kosa ni njia nzuri ya kumaliza jambo. Nilianza kujiuliza kama na mimi nina kosa. Pesa zilipita mkononi mwangu, hilo si uongo. Labda kujua au kutojua ni mambo ya wenye kusoma vitabu. Mama mkwe alipokuja nikamwambia nataka kukiri.

"Ulipe kwa fedha gani?" akauliza.

Kibanda kilikuwa kimefungwa na vilivyokuwamo vilichukuliwa kuwa vielelezo.

"Nina mikorosho," akasema. "Nitauza. Miti ni miti, na mimi sina miaka mingi ya kuiokotea. Kama utaniambia nikauze, leo nikitoka hapa natafuta mnunuzi."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kusema ndiyo.

"Lakini subiri," akasema. "Mtu akikiri alichofanya, hiyo ni toba. Akikiri asichofanya, hiyo ni nini? Na fedha hiyo nitakayolipa, nitakuwa namlipia nani? Mwizi wetu sisi wenyewe. Nivumilie kidogo, mwanangu. Yule binti wakili amenieleza jambo."

Binti wakili alikuwa mwanasheria kijana anayetoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Yeye na mama mkwe walikutana koridoni mwa mahakama. Binti alikuwa akimwona bibi yule yule kila kesi ikitajwa, mwisho akamuuliza anamsubiri nani. Bibi akamweleza yote, kuanzia kibanda mpaka korosho zake mwenyewe. Wakili akacheka kwa mshangao. "Bibi, wewe ni mlalamikaji au ni ndugu wa mshitakiwa?" Mama mkwe akajibu, "Mimi ni wote wawili, ndiyo maana nataka haki itendeke." Tangu hapo wakili akawa wangu, bila malipo.

Jambo alilolieleza lilikuwa hivi. Majaji wa mahakama ya juu walikuwa wametoa uamuzi katika kesi ya watu wengine kabisa. Wakili alikuja kunieleza mwenyewe, akiwa na karatasi mkononi. Alinisomea kidogo, akaona sielewi, akaziweka chini.

"Nikuambie kwa maneno ya kawaida," akasema. "Majaji wamesema haitoshi kumshitaki mtu kwamba fedha chafu zimepita mkononi mwake. Hati ya mashitaka lazima iseme fedha hizo zilitokana na kosa gani, na ieleze mshitakiwa alijuaje, au ni kitu gani kilipaswa kumjulisha. Hati yako haisemi lolote kuhusu kujua kwako. Inasema tu ulitoa pesa."

"Kwa hiyo kujua ni jambo kubwa?"

"Ndilo jambo lenyewe."

Nililia mbele yake. Nilikuwa nimefika mahali pa kuamini kwamba kutojua kwangu ni mambo ya moyoni tu, ya kumwambia mama mkwe na Mungu. Sasa naambiwa kuna wazee waliovaa majoho, hawanifahamu, wamekaa wakafikiri, wakaandika kwamba kutojua kwa mtu kuna uzito.

Siku ya mahakama wakili wangu alisimama akaueleza uamuzi ule na kutoa nakala. Hakimu akausoma palepale, taratibu, miwani puani. Wakili wa Serikali alikuwa kijana pia, mwenye sauti ya chini. Nilitegemea angepinga kwa nguvu zote. Akasema, "Mheshimiwa, naomba muda nikausome na kushauriana na ofisi." Tukaahirishwa tena, nikarudi ndani nikiwa na hofu kuliko mwanzo, maana tumaini likishaingia halikuachi ulale.

Tuliporudi, alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, tumepitia uamuzi wa mahakama ya juu. Tumepitia pia ushahidi tulio nao dhidi ya mshitakiwa huyu. Jamhuri inaomba kuliondoa shitaka la utakatishaji fedha dhidi yake. Litabaki shitaka la kula njama."

Aliyasema bila kunitazama, kama mtu anayesoma orodha ya mahitaji. Mimi nilimtazama. Nimewahi kusikia watu wakisema mawakili wa Serikali kazi yao ni kufunga watu. Mimi nilimwona mmoja akisoma kitu kilichompinga, akakubali.

Shitaka lililobaki lilikuwa na dhamana. Hakimu alitaka wadhamini wawili wenye barua za serikali ya kijiji. Wa kwanza alikuwa mama mkwe. Wa pili hatukuwa naye. Ndugu zangu waliokuwa karibu walikuwa wametoa udhuru, kila mmoja na wake, na siwalaumu. Mama mkwe akaniambia, "Rudi rumande leo, kesho nitapata mtu," lakini macho yake hayakuwa na mtu.

Kesho yake alikuja na mzee mmoja mrefu, mwenye kofia ya kiua iliyodariziwa kwa mkono na viatu vilivyojaa vumbi la Masaki. Nilimtambua kwa sura. Alikuwa jirani, mkulima wa korosho, mwanachama aliyepoteza kuliko wengi. Ndiye aliyemsimamisha mama mkwe njiani na kumuuliza kama amerogwa.

Hakimu naye alishangaa. "Mzee, hati inaonyesha wewe ni mmoja wa walioibiwa. Unaelewa unamdhamini nani?"

"Naelewa, mheshimiwa."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana. Huyu bibi alikuja kwangu jana, tukazungumza. Mheshimiwa, mimi nimeibiwa, na nina hasira. Lakini nataka mwizi wangu. Sitaki mwizi yeyote tu."

Karani wa mahakama aliacha kuandika. Kisha hakimu akasema, "Wadhamini wanakubaliwa," nami nikashuka kizimbani upande ambao sikuwa nimewahi kushukia.

Masaki niliingia kwa aibu. Nilikuwa nimepanga kujificha ndani mpaka watu wazoee. Mama mkwe hakunipa nafasi. Asubuhi alinikabidhi jembe, tukaenda kulimia muhogo, shamba lililo kando ya njia ambako kila apitaye hutuona. Waliopita walisalimia, wengine kwa shida. Binti yangu alikuwa amerefuka na alikuwa ameanza kuongea kwa lafudhi ya bibi yake. Aliponisahihisha namna ya kupanda vipande vya muhogo, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baadaye shitaka lililobaki nalo liliondolewa, na wakili wa Serikali yule mwenye sauti ya chini akaniita. Aliniuliza kama niko tayari kutoa ushahidi. Karani wa chama alikuwa amejitetea kwamba simu yake iliibwa, kwamba hajawahi kufika Kibaha kutoa chochote, na kwamba walinzi wa ghala la chama ndio waliofanya. Hao walinzi ndio wale wanaume niliosimama nao kizimbani bila kuwajua. Wao walikuwa bado ndani.

Nilikubali. Nilisimama upande wa mashahidi nikaeleza nilichokiona: jinsi alivyokuwa akija, alivyonisalimia, alivyokuwa akiulizia hali ya mwanangu, kiti alichokalia. Wakili wake alinibana sana. "Wewe si ulikuwa mshitakiwa? Si unajiokoa?" Nikamjibu, "Nimeshaokolewa. Nimekuja kusema nilichokiona." Karani alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza hakunisalimia.

Alipatikana na hatia. Walinzi waliachiwa. Mali zake kadhaa ziliamriwa kuuzwa ili wakulima warudishiwe, na ingawa hakuna aliyepata chote, mzee wa kofia ya kiua alipata cha kuezekea nyumba. Siku anapiga mabati alituita tukale kwake, nami nilisonga ugali wa watu wote.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Wote waliokuwa wamenisaidia nilikuwa nimewashukuru: mama mkwe, wakili, mzee, hata wakili wa Serikali nilimpelekea korosho zilizobanguliwa ofisini, akazikataa kwa adabu akasema sheria hairuhusu. Wale wa kwenye ule uamuzi sikuwajua. Mtu fulani alikataa kukiri, akabaki ndani, akakata rufaa mpaka juu, na mlango alioufungua yeye ndio nilioupitia mimi. Nikamuuliza wakili ni nani. Akasema ni kesi ya wazi, majina yamo, na mmoja wao anakaa hapa hapa Pwani, Gwata, ndani ya wilaya ya Kibaha. Ni mfugaji. Aliuza ng'ombe kwa mtu aliyemlipa kwa fedha za wizi, naye akaunganishwa kwenye kesi.

Nikamwambia mama mkwe. Akasema, "Tunakwenda." Akachagua jogoo.

Gwata tulifika asubuhi, tumetokea Mlandizi kwa bodaboda mbili, tukiuliza njia kwa kila tuliyemkuta. Boma lilikuwa mbali na barabara. Zizi lilikuwa kubwa kuliko ng'ombe waliokuwamo, na majani yalikuwa yameota upande ambao haukanyagwi tena. Mwenye boma alikuwa mzee mwembamba, mmoja wa wale waliohamia kutoka kaskazini na mifugo yao miaka ya nyuma. Alitukaribisha viti, akatupokea jogoo kwa mshangao, akasubiri tuseme tumefuata nini.

"Baba," nikasema, "mimi hunijui. Nilikuwa rumande kwa shitaka la utakatishaji. Nimetoka kwa sababu ya kesi yako."

Uso wake ukabadilika. Nadhani alisikia neno lile akadhani balaa limerudi.

"Kesi yangu imekwisha," akasema. "Niliachiwa. Wameianza tena?"

"Hapana, baba. Imekwisha. Ila majaji walichoandika kwenye kesi yako kinasomwa kwenye kesi za wengine. Kilisomwa Kibaha, mbele yangu. Hakimu alikisoma, Serikali ikakubali, nikatoka."

Akasogeza kiti chake karibu.

"Jina langu lilisomwa?"

"Lilisomwa."

"Kwa mabaya?"

"Kwa mema, baba. Linatajwa pale ili mtu asifungwe kwa asichokijua."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Aliachiwa, akapewa karatasi yake, akarudi nyumbani akakuta kundi limepungua, ng'ombe wengine wamekufa kwa ukame na wengine wameuzwa, na akajua hivyo tu: kwamba alipoteza miaka na ng'ombe kwa jambo ambalo hakulifanya. Akainuka, akaenda mpaka kona ya nyumba, akaita kwa lugha yao, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nasi tuelewe.

"Mama, njoo usikie. Njoo usikie kwa huyu mwenyewe."

Mkewe alitoka zizini na kibuyu cha maziwa mkononi. Mzee akaniambia nirudie yote tangu mwanzo. Nikarudia: kibanda, mteja, hati, wakili, karatasi za majaji, hakimu na miwani yake. Yule mama alisikiliza amesimama. Nilipofika pale Serikali ilipoondoa shitaka, aliketi chini, akaweka kibuyu kando.

"Nilimuuza yule mwekundu," akamwambia mumewe. Halafu akatugeukia. "Wakati wa rufaa hatukuwa na kitu. Nilikuwa na ng'ombe mmoja wangu mwenyewe, mwekundu, mwenye baka jeupe hapa kifuani. Alinipa baba yangu. Watu wakasema usimuuze, mumeo atakiri kama wengine, atatoka. Nikamuuza, wakili akalipwa. Mume wangu alivyorudi, amechoka vile, ng'ombe hakuna, nikasema moyoni yule mwekundu alikwenda bure."

Mama mkwe wangu, ambaye katika habari hii yote sikuwa nimemwona akitoa chozi, alilia. Alihama kwenye kiti chake akaenda kukaa chini, mkekani, karibu na yule mama, akamshika mkono. Mmoja Mzaramo, mwingine mfugaji wa kaskazini; huku kwetu wakulima na wafugaji hawaachi kugombana kuhusu mashamba na malisho. Walikaa hivyo. Mmoja alikuwa tayari kuuza mikorosho, mwingine alikuwa ameuza ng'ombe, na wote wawili walielewana bila maelezo mengi.

Tulikunywa maziwa. Mzee aliniuliza maswali mengi, hasa kuhusu hakimu: alikuwa mtu wa umri gani, alisoma kwa sauti au kimya, watu walikuwa wengi? Nikamjibu kila kitu. Aliposikia kwamba na walinzi wa ghala waliachiwa, alipiga goti lake kwa kiganja, akacheka cheko la mtu aliyekuwa hajacheka siku nyingi.

Jua lilipoanza kuwa kali tukaaga. Mzee alibaki mlangoni kwa sababu miguu inamsumbua tangu alipokuwa ndani. Mkewe alisema atatusindikiza hatua chache. Hatua chache zikawa mpaka barabarani, na njia nzima alikuwa akimsimulia mama mkwe habari za yule ng'ombe mwekundu: alivyokuwa mpole, alivyokuwa akikubali kukamuliwa na mtoto, na maziwa yake yalivyokuwa mazito.